Tuliporefusha Mikono ya Gari

Msomaji wa jarida hili, aliyezoea kukutana humu na maandalio ya masomo na mijadala juu ya kufundisha kusoma na kuhesabu, huenda akashangaa kuona tunamletea habari za springi na mabomba ya chuma. Hatuna budi kumwomba subira. Habari yenyewe ni ya gari dogo la njia za shamba tulilolijenga sisi wakufunzi wawili pamoja na wanachuo tisa, huku Mwanza, miaka kadhaa iliyopita. Tunaisimulia kwa sababu mwanachuo mmoja alivunjika kifundo cha mkono kwa kosa letu, na kwa sababu mwanachuo huyo huyo ndiye aliyetuonyesha kosa lilikuwa wapi.

Kwanza tueleze kwa nini walimu waingie katika kazi ya namna hiyo. Tangu Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, tumekubali sote kwamba mikono ya mtoto nayo ni sehemu ya elimu yake. Lakini katika shule nyingi tulizozitembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, kazi za mikono zimebaki kuwa jembe na ufagio, tena mara nyingi kama adhabu. Sayansi kwa upande wake hubaki ubaoni. Mtoto huchora wenzo, huandika neno "egemeo" mara kumi, na asione egemeo hata moja. Tulitaka wanachuo wetu wakutane na wenzo mahali ambapo ukikosea hesabu kitu huvunjika. Hatukujua kwamba kitakachovunjika ni mfupa.

Nusu ya nyuma ya gari haikutusumbua. Tulinunua pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, zile zinazoitwa mitaani toyo au guta, iliyokuwa imeharibika mbele kwa ajali. Injini, ekseli ya nyuma na springi zake za vyuma bapa vilikuwa vizima, navyo tulivichukua kama vilivyo. Kazi ilikuwa mbele, ambako toyo ina gurudumu moja na sisi tulitaka mawili.

Hapo mwenzetu alileta michoro. Ilitoka katika kitabu cha Mwingereza Ron Champion kilichochapwa mwaka 1996, kinachoeleza jinsi mtu anavyoweza kujijengea gari la michezo nyumbani kwa paundi 250 tu. Bei hiyo imo katika jina la kitabu chenyewe. Gari hilo ni jamaa ya Lotus Seven, iliyobuniwa na Colin Chapman na kutolewa mwaka 1957: jepesi, wazi, limeinama karibu na lami. Chasisi yake ni ya mabomba ya mraba ya milimita 25, aina ambayo mafundi wetu wa madirisha na mageti huchomelea kila siku. Kila gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili ya pembetatu, mmoja juu na mmoja chini, ambayo mafundi huiita wishiboni. Kati ya mkono wa chini na chasisi husimama springi pamoja na shokapu yake. Mchoro ulikuwa kamili, vipimo vyote vimo. Tuliupenda kama mwalimu mgeni anavyolipenda andalio la somo lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine.

Fundi wetu, mzee aliyekuwa ametengeneza Landrova tangu ujana wake, hakuupenda. "Walimu wangu," alisema, "gari hili ni la kwenda harusini. Wekeni ekseli nzima mbele na springi za bapa, kama Landrova ya zamani." Hakuwa akisema ovyo. Landrova zilikuwa na springi za bapa mbele na nyuma hadi ilipotoka ile ya 110 mwaka 1983 yenye springi za kuzunguka. Lakini sisi tulitaka kila gurudumu la mbele lipande na kushuka peke yake bila kulisumbua jingine, na zaidi ya hayo tulitaka kujenga kitu cha kitabuni. Leo tunaona kwamba mzee alikuwa na haki kwa nusu. Mfumo wenyewe haukuwa mbaya. Kibaya kilikuwa kuamini kwamba vipimo vya mchoro ni mali ya mfumo, kumbe vingi vilikuwa mali ya barabara za Uingereza.

Anayeijua Mwanza anajua ardhi yake. Nje ya lami kuna mawe makubwa yaliyotoboza kila mahali, na kati ya mawe kuna mchanga ambao Wasukuma huuita luseni. Ukishuka mabondeni unakutana na mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kushika kama gundi masika. Katika njia kama hizo gurudumu linahitaji nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Wazee wanaokumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, watakumbuka kwamba mwaka 1966 na tena mwaka 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404. Hilo lilikuwa gari la kawaida la familia. Lakini springi zake zilikuwa laini na magurudumu yake yalikuwa na safari ndefu, hivyo tairi ilibaki chini, ikishika, pale ambapo tairi ya gari gumu ingekuwa hewani.

Basi tulirefusha mikono. Katika michoro tuliyoifuata, mkono wa chini ulikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi. Sisi tuliufanya 45, na wa juu tukaurefusha kwa kadiri hiyo hiyo. Sababu yake mwanachuo anaweza kuiona kwa kipande cha kamba na chaki. Mkono wa gari huzunguka kwenye bolti zake za ndani, kwa hiyo ncha yake huchora tao. Mkono wa sentimita 30 ukipandishwa sentimita 10, ncha yake huvutwa ndani kwa sentimita 1.7, ule wa 45 ukipandishwa vivyo hivyo huvutwa sentimita 1.1 tu. Mkono mrefu huliruhusu gurudumu kusafiri mbali zaidi kabla halijavutwa ndani sana na kabla viungo havijafikia mwisho wa mapindo yake. Kwa vifundo vya magurudumu mchoro ulitaka vya Ford Cortina, gari ambalo Mwanza huwezi kulipata hata kwenye chuma chakavu. Tulitumia vya Haisi iliyokuwa daladala, kwa kuwa navyo hushikwa juu na chini. Ni vizito mno kwa gari jepesi, nasi tulilipa kwa kutikisika, ila vilipatikana.

Siku tuliyolishusha gari kutoka kwenye matofali, lililala chini kama kuku anayeatamia. Tumbo lilikaribia kugusa sakafu kabla hata mtu hajaketi. Wanachuo walicheka, nasi tukacheka nao, huku tukiona aibu, maana kosa lilikuwa la hesabu ya darasa la sita.

Tulikuwa tumerefusha mkono, lakini mguu wa springi tuliuacha palepale mchoro ulipouonyesha, sentimita 25 kutoka kwenye bolti ya ndani. Tazama sasa yaliyotokea. Bolti ya ndani ni egemeo. Gurudumu ni jitihada inayosukuma mwisho wa wenzo, na springi ndiyo mzigo unaosukumwa. Mkono ukirefushwa mara moja na nusu, gurudumu huibonyeza springi kwa nguvu mara moja na nusu ya zile za kwanza. Hilo tulilitazamia kidogo. Ambalo hatukulitazamia ni kwamba springi inapobonyea sentimita moja, gurudumu nalo husafiri mara moja na nusu ya safari yake ya kwanza. Mambo haya mawili hayajumlishwi, huzidishwa. Moja na nusu mara moja na nusu ni mbili na robo. Kila gurudumu la mbele lilibeba kilo 90 hivi, na springi zetu zilibonyea sentimita moja kwa kila kilo 25. Kwa mkono wa mchoro gurudumu lingepanda sentimita tano na kidogo, na gari lingetulia hapo. Kwa mkono wetu lilipanda karibu kumi na mbili.

Tunamwomba mwanachuo alifanye jambo hili darasani, kwani halihitaji gari. Chukua rula ndefu ya mbao, itoboe mwisho mmoja na kuipigilia kwenye ubao kwa msumari mmoja ili izunguke. Ining'inize kwa mpira wa baiskeli uliofungwa katikati ya rula, kisha tundika jiwe kwenye ncha yake na upime imeshuka kiasi gani. Halafu usogeze mpira karibu na msumari, jiwe likiwa lile lile. Watoto watatabiri kwamba rula itashuka zaidi. Karibu wote watabahatisha hivyo. Waulize itashuka zaidi kwa kiasi gani, na usiwape jibu. Mpira hauvutiki sawasawa kama springi ya chuma, kwa hiyo tarakimu hazitatoka safi, lakini mshangao utatoka. Somo hilo limewahi kutuchukua vipindi viwili katika Darasa la Sita, na hatukujuta.

Dawa ya haraka ilikuwa kuusogeza mguu wa springi nje hadi sentimita 37.5, ambapo uwiano ungerudi kuwa ule wa mchoro. Lakini hapo shokapu ingelazimika kusafiri karibu sawa na gurudumu, na shokapu zetu, za pikipiki, zilikuwa na nafasi ya sentimita 12 tu. Tungekuwa tumerefusha mikono bure. Tukachagua sentimita 30, na kutafuta springi ngumu zaidi, ya kilo 40 kwa sentimita. Tuliipataje? Tulipanga mifuko miwili ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, juu ya kila springi iliyokuwako kwenye banda la chuma chakavu, na mwanachuo akapima kwa rula. Tuliyoitaka ilibonyea sentimita mbili na nusu. Gurudumu likapata safari ya sentimita 18, na gari likasimama vizuri. Tulijisifu mno siku ile. Majivuno hayo yana sehemu yake katika yaliyofuata.

Usukani tuliufunga mwisho, kwa haraka, kwa kuwa mazoezi ya kufundisha yalikuwa yamebaki majuma matatu. Steringi boksi ilitoka kwenye gari dogo la saluni. Ilikuwa pana kuliko chasisi yetu, kwa hiyo viungo vyake vya ndani vilitokeza sentimita kumi kila upande kupita bolti za mikono. Tena, ili ipite juu ya bomba moja, tuliifunga sentimita sita juu zaidi ya ilivyostahili. Magurudumu yaligeuka kulia na kushoto tulipougeuza usukani. Tukatosheka.

Tulilipeleka kwenye njia ya udongo inayoelekea ufukweni, upande wa Igombe. Mwanachuo tuliyemchagua kuendesha alikuwa mwangalifu kuliko wenzake wote, kijana asiyesema mengi. Katika uwanja wa mpira gari lilikwenda vema. Tulipoingia njiani alisimama baada ya mita mia mbili hivi, akasema, "Mwalimu, linajigeuza lenyewe."

Tulimjibu kwamba njia ni mbaya, ashike usukani kwa nguvu.

Aliendelea. Akasimama tena, akarudia maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Nasi tulimjibu yale yale. Tukasema, na maneno haya tunayakumbuka vizuri kuliko tunavyopenda, kwamba mwendesha gari mgeni daima hudhani gari ndilo lenye kosa. Mara ya tatu hakusimama. Gurudumu la kulia lilipanda jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, gari likakata kulia kana kwamba mtu ameunyakua usukani, likajipiga kwenye mwamba. Usukani ulizunguka ghafula na spoki yake ikampiga kwenye kifundo cha mkono wa kuume. Hakulia. Alitazama mkono, kisha akatutazama sisi.

Mfupa ulishikamana baada ya majuma sita. Mazoezi ya kufundisha hayakumngoja. Alikwenda shuleni na mkono umefungwa plasta, mkono ule ule wa kuandikia ubaoni, nasi tulikwenda kumkagua tukiwa na fomu mkononi na haya usoni.

Somo tulilolikuta lilikuwa Hisabati, Darasa la Tano, duara na sehemu zake. Kwa kuwa hakuweza kuandika, watoto ndio walioandika. Alikuwa ameweka zamu, na kila mmoja alingoja yake kwa hamu. Ubaoni alikuwa amepigilia misumari miwili, mmoja juu kidogo na kulia kidogo ya mwingine. Kwenye wa chini alifunga kamba ya sentimita 45, na kwenye wa juu kamba ya 35 na nusu. Kila kamba ilikuwa na chaki kwenye ncha. Watoto wawili walizinyoosha kamba hadi ncha zikawa sawasawa, moja juu ya nyingine, kwenye mstari wa wima. Kisha aliwaambia wapandishe chaki zote mbili kwa pamoja, sentimita kumi, kamba zikiwa zimenyooka.

Chaki ya kamba ndefu ilirudi nyuma kidogo. Ile ya kamba fupi, iliyokuwa imeanza ikiinama, haikurudi, ilisogea mbele. Mtoto mmoja wa mbele alisema, "Mwalimu, hazifuatani. Fupi inaikimbia ndefu." Mwalimu wao akamtuma mwingine apime pengo. Lilikuwa sentimita moja na milimita nne.

Sisi tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa, kwenye dawati la watoto, na kalamu yetu ilikuwa imesimama. Kamba ndefu ilikuwa mkono wa gari letu. Kamba fupi ilikuwa upau wa usukani, ule unaotoka kwenye steringi boksi na kulishika gurudumu. Ncha zao za nje zimefungwa kwenye gurudumu moja, haziruhusiwi kuachana. Zikitaka kuachana, gurudumu halina njia ila kugeuka, na lilipopanda jiwe liligeuka. Karibu sentimita moja na nusu kwenye kijimkono chenye urefu wa sentimita 12 ni kama nyuzi saba za pembe, bila mtu kuugusa usukani. Gari lilikuwa likijigeuza lenyewe. Alikuwa ametuambia mara mbili.

Hakutaja gari hata mara moja katika kipindi kile, wala hakututazama. Baada ya kengele tulimwuliza amelijua lini. Alisema siku ya pili hospitalini, kwa uzi na ukucha, juu ya shuka. Tulimwuliza kwa nini hakutuambia. Alifikiri, kisha akasema kwa adabu kwamba alitaka kwanza awe na hakika, kwa sababu safari iliyotangulia hakika hakuwa nayo, alikuwa na habari tu. Katika fomu ya ukaguzi pana sehemu ya maoni ya mkaguzi. Tuliandika kwamba matumizi ya zana yalikuwa mazuri sana. Tuliona aibu kuandika zaidi, na hadi leo tunajuta kwamba hatukuandika.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Upau wa usukani unatakiwa uwe karibu sambamba na mkono, na kiungo chake cha ndani kiangukie kwenye mstari unaopita katika bolti za ndani za mikono ya juu na chini; ukifanya hivyo matao hufuatana. Fundi alipata steringi boksi fupi zaidi, na pau ndefu za gari jingine zilizoingiana nayo. Hakukubali kukata na kuchomelea zile za kwanza. Alisema chuma cha usukani hakichomelewi, na katika hilo hatukubishana naye. Tuliikata chasisi badala yake na kuishusha boksi sentimita sita.

Mwanachuo wetu alirudi chuoni plasta ikiwa imetolewa, mkono bado mwembamba. Tulimwomba awe wa kwanza kuliendesha. Alikubali, ila alitaka kwanza springi za mbele ziondolewe. Aliweka jeki chini ya mkono wa gari, akafunga ubao mnyoofu kwenye gurudumu, akachora mstari wa chaki sakafuni kwenye ncha ya ubao. Akalipandisha gurudumu sentimita mbili mbili hadi mwisho wa safari yake, na kila mara akachora mstari mwingine. Ilimchukua asubuhi nzima kwa magurudumu yote mawili, na hakuna aliyemharakisha. Mistari ya chaki ilikaa karibu yote juu ya mstari mmoja. Ule wa mwisho kabisa ulitoka kwa upana wa milimita mbili. Aliutazama kwa muda mrefu, akaufuta kwa kiatu, akauchora upya. Kisha akaomba springi zirudishwe.